Ushahidi wa Bi Shariffa

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Zamu ya asubuhi. Nyaraka za shehena sita, mbili zina kasoro. Moja uzito hauendani na ankara, nyingine haina muhuri. Nimezirudisha. Msimamizi kanuna, akasema yalla, haya Rehema, ziache zipite. Sikuziacha. Miaka kumi na tisa ya kukagua karatasi kwenye ghala hili la Qusais, hapa Dubai, imenifunza kwamba ukipitisha kasoro leo, kesho jina linalotajwa ni lako.

Mchana nimepiga simu kuhusu ile fleti ya Mirdif. Vyumba viwili, ghorofa ya tatu, jengo ambalo sisi wageni tunaruhusiwa kununua. Dalali kasema ipo, nije Alhamisi saa kumi na moja jioni. Benki imeshanikubalia mkopo tangu mwezi jana.

Mwenye nyumba wa hapa Rashidiya anataka kumweka mwanawe. Notisi inasema tutoke ifikapo Januari. Itakuwa mara ya saba kuhama. Binti yangu Zaina ana miaka kumi na sita na hajawahi kukaa mahali ambapo hatujaambiwa tutoke. Nataka nyumba ambayo hakuna mtu wa kuniandikia notisi. Sitaki kingine.

Alhamisi, 4 Septemba

Naandika kama ninavyoandika kazini.

Tumefika saa kumi na dakika hamsini na tano, mimi na Zaina. Dalali kafika saa kumi na moja na dakika kumi. Ufunguo mkononi, una kibandiko cha njano. Kanitazama, kamtazama Zaina. Swali la kwanza, tunatoka wapi. Nimesema Tanzania. Akauliza, Afrika? Nikasema ndiyo, haijahama. Kaenda pembeni na simu, sikuona midomo yake ikifunguka. Karudi saa kumi na moja na dakika kumi na sita. Kasema pole, fleti imeuzwa asubuhi ya leo.

Zaina kamuuliza, kama imeuzwa, ufunguo amekuja nao wa nini. Nimemfinya mkono. Nilikosea kumfinya. Swali lilikuwa la haki.

Tumerudi nyumbani.

Ijumaa, 5 Septemba

Kazi nusu siku. Tangazo la fleti bado lipo mtandaoni, na picha zake zote. Nimempigia dalali mara tatu, hapokei. Nimemwandikia, amesoma, kimya.

Nimeshuka kwa Bi Shariffa. Yeye yuko chini, nyumba ya kwanza ukiingia. Mzaliwa wa Unguja, kama mimi nilivyo wa Tanga, aliletwa huku bado bibi harusi, sasa ana uraia, na Kiarabu chake ni cha wenyewe. Jengo zima wanamwita Umm Khalid, yaani Mama Khalid. Ni mimi tu ninayemwita Bi Shariffa, tena jikoni kwake mlango ukiwa umefungwa. Hapo ndipo Kiswahili chake kinapotoka, na kikitoka hakina breki.

Nimemweleza. Kauliza namba ya dalali. Kapiga mbele yangu, simu imewekwa sauti ya wazi, kasema anamwangalizia binti yake nyumba. Kiarabu changu ni cha dukani, lakini neno la kwamba ipo nalijua. Ipo. Karibu kesho, Umm Khalid.

Kakata simu. Kakoroga chai ambayo ilikuwa imeshakorogwa.

Jumamosi, 6 Septemba

Kaenda na dereva wake. Kafunguliwa, kaonyeshwa chumba kwa chumba. Kasema fleti nzuri, sinki la jikoni dogo. Akamuuliza dalali jengo lina watu gani.

Jibu limemfuata kwenye simu baada ya adhuhuri. Ujumbe wa sauti, karibu nusu dakika. Kanitafsiria neno kwa neno. Umm Khalid, ondoa shaka, jengo ni safi. Juzi kaja Mwafrika na bintiye, nimemrudisha. Hatuwauzii Waafrika, wanajazana ndani kama gulio. Kisha kuna neno moja Bi Shariffa hakulitafsiri. Kaliruka. Hakujua kuwa nalijua. Nimelisikia ghalani mwaka wa kwanza nilipofika.

Nimemwomba anitumie ile sauti. Kanitumia, akaniomba ibaki baina yetu. Ana wanawe, wana kazi zao na majina yao. Nimesema sawa.

Jumapili, 7 Septemba

Ile sauti nimeituma kwenye grupu la Watanzania wa Qusais. Watu zaidi ya mia mbili. Nimeandika jina la dalali na namba yake.

Roho imesuuzika kwa saa nzima. Watu wamelaani, wamenipa pole, wameahidi kumpigia simu wamchambe. Jioni mtu wa Ajman ambaye simjui kanitumia sauti ileile akidhani sijaisikia.

Jumatatu, 8 Septemba

Mdomo umeniponza. Si mdomo hata, ni kidole.

Khalid, mwanawe wa kwanza Bi Shariffa, kachezewa ile sauti ofisini kwake. Mle ndani dalali anamtaja Umm Khalid. Kampigia mama yake kumuuliza imekuwaje jina lake linazunguka kwenye simu za Waafrika.

Nimebisha hodi kwake. Hakufungua. Kazungumza kwa ndani:

"Nilikupa amana, Rehema. Umekwenda kuitandaza."

Siku zote huniita mwanangu. Leo ni Rehema. Nimepanda juu na mkoba wa kazini begani.

Dalali naye kaniandikia. Atanishtaki kwa kusambaza sauti na namba yake. Naona aibu, na ninaogopa. Hasira sijui imekwenda wapi.

Jumatano, 10 Septemba

Mwenzangu wa ghalani kanipa namba ya Mutiso, Mkenya, mshauri kwenye ofisi ya mawakili Deira. Nimekwenda kwa treni ya metro baada ya zamu. Kijana mpole, tai imelegea. Kanisikiliza hadi mwisho bila kuandika chochote, halafu akasema:

"Mama Zaina, case ilikuwa yako. Hapo kwa group ndio ulijichoma."

Kanieleza taratibu. Huku, kumwanika mtu mtandaoni kunaweza kuwa kosa hata kama ulichosema ni kweli. Nifute leo. Niombe wengine wafute. Nisimjibu dalali.

Kisha kanieleza njia nilizonazo. Naziandika kama nilivyomwelewa.

Ya kwanza ni malalamiko kwa mamlaka inayowasimamia madalali. Dalali ana kadi ya kazi na kanuni za kufuata, na wao ndio wanaoweza kuigusa hiyo kadi. Ya pili ni polisi. Nchi ina sheria dhidi ya ubaguzi na chuki, na rangi na asili ya mtu zimo. Hiyo ni jinai, na ikishaanza si mimi ninayeiendesha. Ya tatu ni mahakama kudai fidia, ila lazima nionyeshe hasara kwa karatasi, na maumivu ya moyo hayana risiti.

Nikauliza ni ipi itanipa fleti. Kasema hakuna. Mwenye mali hawezi kulazimishwa kuniuzia. Sheria inamshika aliyenifungia mlango kwa sababu ya rangi yangu. Kunifungulia ni habari nyingine.

Nimechagua ya kwanza. Simtaki dalali jela. Nataka aulizwe na mtu ambaye hawezi kumkatia simu.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimefuta. Nimeandika kwenye grupu nikiwaomba wote wafute. Wengi wamefuta. Mmoja kaandika kwamba Rehema ameufyata, wengine wakacheka. Nimeziacha. Namba nyingine nimeandikia moja moja, hadi yule wa Ajman.

Jumanne, 16 Septemba

Malalamiko yamekaa vizuri. Kurasa tatu. Mutiso kasifu saa na dakika, kasema watu humletea hadithi, mimi nimemletea ratiba. Picha ya tangazo ipo, simu nilizopiga zipo.

Lakini sauti niliyonayo mimi ni nakala, tena imepita kwenye simu mia. Asili iko kwenye simu ya Bi Shariffa. Na aliyeambiwa fleti ipo siku moja baada ya mimi kuambiwa imeuzwa ni yeye, si mimi. Bila yeye ni neno langu na neno la dalali.

Kazini nakala isiyo na asili naikataa mimi mwenyewe. Siwezi kujifanya sijui.

Wiki imepita hatujasemeshana. Nikimsikia mlangoni najichelewesha kwenye ngazi.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimeshuka baada ya sala. Nilijiwekea sharti, naomba radhi tu, sitaji simu, sitaji ushahidi. Nikipata radhi nipande, nisipopata nipande.

Kafungua. Kaniacha nimesimama hadi nikamaliza. Nimesema nilivunja neno langu, kwamba hasira haikuwa sababu, na kwamba nimemuumiza mtu pekee aliyenisimamia. Kasema ingia, utaniletea joto.

Tumekaa jikoni. Kanisimulia mambo ambayo katika miaka minne ya ujirani hajawahi kuyagusa. Marehemu mumewe alimwomba, walipofika tu, kwamba akiulizwa anatoka wapi aseme ni wa hapahapa. Ndivyo alivyosema miaka yote. Sokoni, hospitali, shuleni kwa watoto. Kiswahili kikawa cha jikoni. Mama yake mzazi alikuwa Mmakunduchi. Picha yake iko kwenye sanduku la nguo, haijawahi kutundikwa.

Sikuuliza kitu. Yeye ndiye aliyefika huko mwenyewe.

"Mama yangu mweusi kuliko wewe, mwanangu. Yule bwana kamtukana, mie nikamjibu shukran."

Kaniambia usiku kucha wa siku ile lilikuwa likimrudia hilo shukran. Mimi nilidhani ananikasirikia mimi peke yangu. Kasema hata mimi kanikasirikia, nisijipunje.

Atakuja kutoa ushahidi. Khalid hataki. Kasema Khalid ni mwanawe, si mumewe.

Nimepanda juu nikalia. Machozi ya kushukuru.

Jumatano, 24 Septemba

Nimeomba ruhusa kazini. Ofisi ya mamlaka ya madalali ina baridi kama ghala la samaki. Ofisa mwanamke, adabu nyingi. Kapokea kurasa zangu, kauliza maswali machache, kapiga mihuri.

Bi Shariffa kaja na Khalid. Khalid hakunisalimia. Kamkalisha mama yake, kaenda kwenye mashine, karudi na chupa mbili za maji. Moja kaiweka kwenye kiti cha jirani yangu bila kunitazama. Nimeinywa.

Bi Shariffa katoa simu kwenye mkoba, kaikabidhi kwa mikono miwili. Sauti ikachezwa. Ofisa kasikiliza mara moja tu, kaandika. Halafu kamuuliza Bi Shariffa kama maneno yale yanamhusu kwa namna yoyote. Alichojibu ni kwa Kiarabu na nilikishika nusu, nusu nyingine kanieleza baadaye. Kasema kazaliwa Zanzibar, mama yake Mwafrika, kwa hiyo dalali alipokuwa akimhakikishia kwamba jengo ni safi alikuwa akizungumza na mmoja wa wale anaowafukuza.

Ofisa kainua macho. Khalid kaangalia sakafu. Hakutoka nje, lakini.

Jumatatu, 13 Oktoba

Kampuni ya udalali imenipigia. Si yule bwana, ni mama mmoja mwenye sauti ya asali. Fleti haijauzwa. Mwenye fleti hajui chochote kuhusu maneno yale, anataka kuuza tu aondoke. Watanisaidia kila hatua, ufunguo nitaupata kabla ya Desemba kwisha. Nitie saini karatasi moja ya kuondoa malalamiko.

Karatasi imeingia kwenye barua pepe saa nane. Nimemwonyesha Zaina. Kachagua chumba papo hapo, kile cha upande wa msikiti. Nina furaha. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimeisoma karatasi kwa utulivu. Aya ya tatu. Kwamba hakukuwa na ubaguzi, kwamba ni suala la lugha kutoeleweka, na kwamba shahidi alikosea kuelewa maneno ya dalali.

Shahidi alikosea. Ati Bi Shariffa hajui Kiarabu.

Mutiso kasema kupatana si dhambi, watu hupatana kila siku, na nyumba ni nyumba. Uamuzi ni wangu. Lakini nikitia saini nimesema kwa mkono wangu kwamba yule mama hakusikia alichosikia.

Nimeshuka nayo. Bi Shariffa kavaa miwani, kasoma hadi mwisho, kanirudishia.

"Nyumba ni yako, tia saini ukitaka. Ila Kiarabu nakijua."

Kisha kaniuliza kama nimekula.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimewaandikia waondoe aya ya tatu, nitatia saini yaliyobaki. Wamejibu ndani ya saa moja. Haiondoki.

Nimeirudisha kama ninavyorudisha nyaraka za ghalani. Nimeizungushia aya ya tatu kwa kalamu nyekundu, pembeni nimeandika si kweli, nimeipiga picha, nimetuma. Halafu nimeingia chumba cha mashine ya nakala nikalia. Machozi ya uchungu haya.

Kumwambia Zaina ndiyo ilikuwa kazi. Kaniuliza Bi Shariffa ni nani kwetu hata tukose nyumba kwa ajili yake. Nimemwambia alisema ukweli kwa ajili yetu mbele ya mwanawe, na ulimgharimu. Kaingia chumbani.

Sina hakika kama nimefanya sawa. Najua tu nisingeweza kupita mlangoni kwake.

Jumapili, 26 Oktoba

Tangazo limeondolewa. Imeuzwa, ya kweli safari hii.

Zaina kaanza kupanga vitabu kwenye maboksi bila kuambiwa. Kanisemesha. Kauliza gundi iko wapi.

Alhamisi, 13 Novemba

Uamuzi umefika. Ukurasa mmoja, Kiarabu na Kiingereza. Malalamiko yana msingi. Kadi ya dalali imesimamishwa, kampuni imeonywa kwa maandishi. Sauti na maelezo ya shahidi vimetajwa kuwa ndivyo vilivyoegemewa. Fleti haimo, na Mutiso alishaniambia haitakuwemo.

Nimesoma mara nne.

Mutiso kasema mlango wa polisi bado uko wazi, kama nataka. Nimemwambia khalas, inatosha. Huenda siku moja nikajiuliza kama ilitosha kweli. Leo nimetosheka.

Nimempelekea Bi Shariffa nakala. Asili nimebaki nayo mimi. Kaniambia niiweke mezani, mikono yake ina unga. Ukutani, juu ya friji, kulikuwa na picha ambayo sijawahi kuiona. Mwanamke kajifunga kanga, kasimama wima, hacheki. Nimeuliza Khalid kasemaje. Kasema Khalid ndiye aliyepiga msumari.

Jumamosi, 22 Novemba

Fleti nyingine. Jengo la kawaida, metro haifiki, nitategemea gari. Vyumba viwili lakini kimoja ni cha kugeukia tu. Tumekwenda watatu, Bi Shariffa kasema hakai nyumbani Jumamosi nzima kusikiliza lifti.

Dalali ni msichana, kavaa viatu vinavyombana, kashika fomu. Pale mlangoni, kabla hajatoa ufunguo, kauliza tunatoka wapi.

Zaina kanishika mkono, kama mimi nilivyomshika siku ile, ila yeye hakufinya. Kabla sijafungua mdomo Bi Shariffa kajibu, kwa Kiingereza chake kidogo, kwa sauti ya kila mtu kusikia.

"Zanzibar. Na huyu binti yangu, Tanga."

Msichana kaandika. Kauliza Tanga inaandikwaje, kaandika na hiyo. Kisha kafungua mlango, katupisha tupite.

Zaina kapima ukuta kwa hatua kuona kama kitanda kitaenea. Bi Shariffa kaenda moja kwa moja jikoni, kafungua bomba, kayaacha maji yakimbie kidogo, kafunga. Kasema sinki kubwa.

Jibu tutawapa Jumatatu.